Chuma cha Kufungulia Mikebe

Kaka yangu alikaa usiku mzima hadi asubuhi na kiu katika nyumba ambayo mtungi wake ulikuwa umejaa. Nalisema hilo mapema kwa sababu sipendi watu wanaosimulia huku wameficha maiti nyuma ya mlango. Alikufa, basi. Kilichobaki ni kueleza kuhusu mfuko wa ngozi na vile vitu vitano vilivyokuwa ndani yake, na jinsi tulivyovitafutia kazi, tukapata kazi ya vinne tu.

Tulikuwa tunakaa Kiwanjani, mtaa wa pembeni mwa mji, katikati ya miaka ya sabini, watu watatu: baba, kaka na mimi. Mama alikuwa amefariki nikiwa mdogo. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na paa lake lilikuwa la madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Jua la mchana likilipiga, yale madebe yalilia yenyewe. Baba alifanya kazi kwenye banda la ngozi, mahali ngozi za ng'ombe na mbuzi zinapakwa chumvi zikingoja lori. Alirudi jioni akinuka chumvi na mafuta yaliyochacha, na hakuna sabuni iliyowahi kumshinda huyo shetani. Kaka alikuwa seremala, ana miaka ishirini hivi, anatengeneza vitanda, meza, na majeneza watu wakihitaji. Mimi nilikuwa nimemaliza la saba, nikakaa nyumbani kupika na kulalamika.

Baba hakuwa na meno mawili ya chini, yale ya mbele katikati. Aling'olewa akiwa mtoto huko Turkana, kama kila mtu wa rika lake, na huko lilikuwa jambo la kawaida kama kunyolewa. Hapa mjini likawa aibu yake. Alipokuja mara ya kwanza kuomba kazi ya barabara, nyapara alimwambia afungue mdomo mbele ya wenzake, akautazama kama wa punda anayeuzwa, na wote wakacheka. Baba alitusimulia hayo mara moja tu, na sauti yake ikapiga mluzi kwenye lile pengo. Tangu siku hiyo ya nyapara akawa anaongea mkono ukiwa mdomoni. Alicheka mkono ukiwa mdomoni. Hata kanisani aliimba hivyo, na sauti yake nzuri ikaishia kwenye kiganja.

Akaapa kwamba watoto wake hawatafunguliwa mdomo na mtu ili wachekwe. Kila Jumapili kabla ya kanisa alitusimamisha mlangoni, palipo na mwanga, akasema, fungua. Tunafungua. Anaangalia juu, anaangalia chini, anahesabu, kisha anatupa mswaki wa mti tusugue tena. Tulipokuwa wakubwa tuliona haya, lakini nani angemkatalia? Wengine walijivunia ng'ombe, yeye alijivunia meno ya watoto wake. Akiwa na mgeni angeniita, mama, hebu cheka kidogo, na mimi nilicheka kama mjinga.

Huo mfuko ulianguka kutoka darini siku kaka alipopanda kubadilisha debe lililooza. Ulikuwa wa ngozi ya mbuzi, mgumu, umekunjwa na kusahauliwa chini ya gunia. Kaka aliufungua kwenye ubao wake wa kazi, akavipanga vile vitu kimoja kimoja, na mara moja nikaona kwamba chakula changu cha mchana kitapoa. Yeye kitu cha mkono kisicho na kazi kilimuudhi. Aliamini hakuna mtu duniani anayeweza kupoteza jioni nzima kuchonga mpini bila sababu.

Cha kwanza hakikumsumbua. Kilikuwa chuma cha duara, kipana, chenye makali kuzunguka ukingo wote na kifuniko cha ngozi juu ya makali. Tulikuwa tumewaona wachungaji wa kwetu wakikivaa kwenye kifundo cha mkono sokoni. Kaka alikivaa, akazunguka nacho nyumbani akikata hewa, hadi nikamwambia akinikata mimi atakula nini.

Cha pili kilikuwa pete yenye mdomo uliopinda mfano wa mdomo wa mwewe. Kwa hicho alimwuliza nyanya, jirani yetu, kikongwe Mturkana aliyekuja kwetu kila jioni kuomba kaa la moto. Hakuwa nyanya yetu wa damu, lakini alitugombeza bure kama wa damu. Alikivaa kidoleni, akacheka, akasema ni cha kukatia nyama, na ukigombana na mtu ni cha jicho lake.

Cha tatu vilikuwa vijiti viwili, kimoja kina vishimo vyeusi vimeungua. Kaka alivitazama siku mbili, halafu akachuchumaa, akasimamisha kijiti kimoja ndani ya kishimo cha kingine, akapekecha kwa viganja mpaka jasho likamtoka na moshi ukatoka. Moto wenyewe haukuwaka. Alifurahi kana kwamba ameunguza mji mzima.

Cha nne kilikuwa mshale mfupi mno, ncha yake ndogo, na nyuma ya ncha umefungwa kizuizi kigumu cha kamba, kwa hivyo haungeweza kuingia ndani kuliko upana wa kidole. Mshale usiotaka kuua, alisema, huo ni mshale gani? Akaenda nao soko la mifugo. Mzee mmoja Mborana aliushika, hakusema neno. Alimvuta ng'ombe wake karibu, akambana shingoni kwa kidole gumba mpaka mshipa ukavimba, akauelekeza ule mshale pale, kisha akafanya mkono kama anayekinga kibuyu. Ni wa kutoa damu ya kunywa, na ng'ombe asife. Kaka alirudi nyumbani akinieleza hivyohivyo, bila maneno, kwa kuibana shingo yangu.

Cha tano ndicho kilichomkalia kichwani. Kilikuwa chuma chembamba cha urefu wa shubiri moja, kina mpini wa mti mweusi uliong'aa kwa kushikwa. Ncha yake ilikuwa bapa, ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, wala si kali. Kichwa cha mpini kilikuwa kimepondwapondwa, maana yake kiligongwa kwa jiwe, mara nyingi, na kwa uangalifu, kwa sababu mti haukupasuka. Basi ni patasi, nikasema mimi, nikitaka tule. Akanijibu kwamba patasi isiyo na makali ni kijiko. Alikijaribu kwenye ubao hata hivyo, kikararua mti badala ya kuuchonga.

Akakitembeza mjini. Msomali aliyenunua ngozi kule kwa baba aliitikia salamu, akakigeuzageuza, akasema ni cha kuparulia mafuta kwenye ngozi, yeye anaapa. Mama Mmeru aliyeuza ndizi stendi alisema huko kwao wangeng'olea miche nacho. Seremala mkubwa, yule aliyemfundisha kaka kazi, akasema ni cha kupakia puti kwenye dirisha la kioo. Kila mmoja alikiona kupitia kazi yake mwenyewe, na kila mmoja alikuwa na hakika. Tulicheka sana wiki hiyo. Kaka alipigilia misumari mitano ukutani, akavitundika vyote, na chini ya kila kimoja akaandika kazi yake kwa chaki. Chini ya cha tano alichora alama ya kuuliza.

Baba alirudi, akaona ule ukuta, akavua kofia. Akauliza tumevitoa wapi. Kaka akamwambia. Akasema vilikuwa vya baba yake, kisha akaibana ile kofia kifuani, na mimi nikadhani anamkumbuka mzee wake, nikamwekea chai. Kaka akakiondoa kile cha tano, akamnyoshea, akamwuliza ni cha nini.

Baba aliinua mkono akafunika mdomo.

"Ya kufungulia mikebe," alisema.

Kaka akacheka, akauliza babu aliyekuwa anachunga mbuzi jangwani alikuwa na mikebe gani. Baba akasema ya askari wa mzungu, ya nyama, na tuache maswali. Nyanya naye alikuwa ameingia kuchukua kaa lake. Kaka akamgeukia, akamwonyesha. Nyanya alikiangalia kile chuma, akamwangalia baba, akasema macho yake siku hizi hayaoni chuma. Huyo huyo nyanya asubuhi yake alikuwa ameona kunguni kwenye blanketi langu akiwa mlangoni. Nililiona hilo, na sikulifuata. Ilikuwa jioni, ugali ulikuwa motoni, na mimi sikuwa na haja na chuma.

Kwa hiyo kaka alifuta alama yake akaandika MIKEBE. Kuanzia hapo kikafanya kazi hiyo. Alifungulia mikebe ya vanishi kazini akakirudisha jioni. Mimi nilifungulia mkebe wa mafuta ya kupikia. Kilifungua vizuri, kwa kweli.

Miezi ikapita. Siku moja kaka alikanyaga ubao wenye msumari, ukapenya akala, vile viatu vya tairi, ukaingia kwenye unyayo. Fundi asiyewahi kukanyaga msumari si fundi. Aliuchomoa, akamwagia mafuta ya taa, akapaka jivu, akaendelea kupiga randa. Jioni alinionyesha tundu lenyewe, dogo tu, limeshajifunga. Nilimwambia akome kutembea akiwaza.

Baada ya wiki moja hivi akaanza kutafuna taratibu. Alisema ugali wangu umekuwa mgumu. Nikamwambia apike yeye. Ndilo jambo la mwisho tulilogombania, na sina budi kuliandika.

Asubuhi iliyofuata mdomo wake haukufunguka zaidi ya upana wa kidole, na shingo ilikaza. Tukasema ni matubwitubwi. Nilichemsha mafuta ya kondoo, nikamkanda mashavu na shingo. Baba alienda kazini. Kufikia jioni mdomo ulikuwa umefungika kabisa, na uso ukavutwa nyuma pande zote mbili ukawa unacheka. Hakuwa anacheka. Ulikuwa ni ugonjwa unaomchekesha. Meno yake yote yakaonekana, ya juu na ya chini, meupe, yamepangana bila hata mwanya wa uzi. Yale meno ya Jumapili.

"Maji," alisema kupitia kwenye meno.

Nikaleta kikombe. Maji yaliteremka shingoni. Nikaleta kitambaa chenye maziwa, nikamkamulia kwenye meno, yakarudi. Nikavuta shavu nikajaribu kwa pembeni, nyuma kabisa, akapaliwa, na mwili mzima ukakakamaa, ukainuka kitandani ukiwa umeshikwa na kisigino na kisogo tu. Ugonjwa ulipomwachia, macho yake yaliutazama mtungi uliokuwa pembeni. Usiku wote. Na asubuhi pia. Nilipoona macho yale nilikwenda kuufunika mtungi kwa kanga, nikarudi nikajichukia, nikaenda kuufunua.

Nyanya alikuja asubuhi hiyo. Alisimama mlangoni, wala hakuuliza ni ugonjwa gani. Alimtazama baba, ambaye alikuwa ameketi chini na hakuwa ameenda kazini, akamwambia maneno machache kwa Kiturkana, bila kupaza sauti. Baba akainamisha kichwa. Nyanya akaenda ukutani, akaondoa kile cha tano, akaniwekea mkononi.

"Hii ni ya mlango," aliniambia. "Mtoto akiota meno makubwa, mawili ya chini yanatolewa na hii. Siku hii ugonjwa ikikuja ikafunga mdomo, mlango iko, maziwa inapita. Babu yako ndiye alikuwa anatolea watoto wa watu."

Nilikishika. Mpini uling'aa kwa mikono ya babu, na kichwa kilipondeka kwa jiwe la babu, na kila alichokisoma kaka juu yake kilikuwa kweli. Kiligongwa mara nyingi na kwa uangalifu. Hakikuwa na makali kwa sababu hakikukata, kilisukuma. Alikuwa amekaribia sana, maskini, na jibu lilikuwa linakaa naye mezani kila jioni na mkono mdomoni.

Baba alininyang'anya. Akachukua jiwe moja la mafiga, lingali na masizi, akapiga magoti kando ya kitanda. Akauweka ule ukucha wa chuma kwenye jino la chini la kaka. Kaka aliona. Kichwa hakikuweza kugeuka lakini macho yalishuka yakakitazama chuma, yakampandia baba, na mimi naapa kwamba pale pale alijua cha tano kilikuwa cha nini.

"Nifungulie, baba yangu," baba alimwambia mwanawe. "Nifungulie kidogo tu."

Akagonga. Ule mlio peke yake ulimkamata kaka akajikunja nyuma mpaka kitanda kikalia, kile kitanda alichokitengeneza mwenyewe. Nikaushika mkono wa baba kwa mikono yangu miwili. Hakupigana nami. Jiwe lilianguka, na lile jino lilikuwa limemeguka kona ndogo, basi.

Tukamlaza kwenye mkokoteni tukampeleka hospitali, tumemfunika macho kwa sababu mwanga pia ulimtesa. Walimpokea vizuri, sina la kuwalaumu. Walimchoma sindano, wakamweka chumba chenye giza, wakatuambia tumechelewa, na ilikuwa kweli. Tulikuwa tumekaa siku nzima tukimpaka mafuta ya kondoo. Daktari, mtu mpole, alinieleza kwamba pengo la meno halitibu pepopunda. Linapitisha uji tu. Nikamwambia ndicho nilichokuwa nataka, lipitishe uji. Kaka alikufa kesho yake alasiri.

Jeneza lilitengenezwa na yule seremala aliyemfundisha. Alipoanza kupigilia kifuniko nilitoka nikaenda kusimama barabarani, palipo na malori yaendayo Merti, ili nisikie kelele nyingine. Matanga yalijaa watu wenye maneno. Wa kanisani walisema kazi ya Mungu haina makosa. Wazee wa kwetu walisema mwacha mila ni mtumwa, tena walisema baba akiwa anasikia, na mmoja akarudia kana kwamba hatukuelewa mara ya kwanza. Nilimwambia yule mzee ale githeri yake aondoke. Nikaambiwa sina adabu. Sawa, sina. Methali ni tamu mdomoni mwa mtu ambaye hajazika wa kwake wiki hiyo.

Baba hakunisimamisha mlangoni tena Jumapili. Aliacha pia kufunika mdomo. Watu walidhani amepata ujasiri uzeeni, lakini hakuwa na ujasiri wowote. Alikuwa tu hajali nani anaona nini. Mimi nilikuwa na hasira naye miaka mingi, nilimpikia na hasira, nilimfulia na hasira. Kisha nikawa najiuliza ningefanya nini mimi, kama ni mimi nyapara alinifungua mdomo mbele ya watu. Maandishi ya chaki yaliondoka mvua ilipopenya ukutani. Chuma hakikurudi kwenye msumari wake. Baba alikitia mahali, sikuuliza wapi.

Niliolewa hapohapo Kiwanjani, nikapata binti. Miaka ya themanini ikawa imefika, mtoto akaanza kung'oka meno ya utoto, akatembea na mapengo akijisifu. Yale ya chini yakaota makubwa, mawili, yakiwa bado na misumeno kwenye ncha. Alasiri moja baba akaja na kitambaa kimekunjwa. Akaketi mlangoni, akakiweka magotini, hakukifungua.

"Mama," aliniambia, "mtoto ameota."

Nilijua. Niliingia ndani nikatoa kadi ya kliniki, nikamwonyesha mahali palipoandikwa sindano za kuzuia pepopunda alizochomwa akiwa mchanga, nikamwambia siku hizi ni hivi. Baba hakujua kusoma. Aliishika kadi juu chini, akaitazama sana.

"Hii inafungua mdomo?"

"Inazuia usifungwe."

"Nani amekuambia?"

"Kliniki, baba."

Akanirudishia kadi polepole. "Na mimi pia niliambiwa meno ni kitu mzuri," alisema.

Niliamini kadi, na bado naiamini, lakini kuamini si kujua, na yeye pia aliamini. Nilichofanya ni kuchukua kile kitambaa magotini mwake. Hakunizuia. Mikono yake ilikaa wazi palepale kama ilivyokuwa. Nilikuwa nakitafutia mahali pa kukificha mtoto alipotokea mbio kutoka nje, akanishika sketi, akavuta kitambaa, chuma kikaonekana.

"Mama, hii ni ya nini?"

Nilimtazama mtoto, mdomo wake wazi, meno yake mapya yote mawili. Nikamtazama baba.

"Ya kufungulia mikebe," nikasema.

Baba, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwa amefunika mdomo wake mbele ya mtu yeyote, aliinua mkono akaufunika.